Gari lililotumika lenye raha ya kuendesha, na viti viwili vya watoto nyuma

Dada, nilifupishe kwanza swali lako kwa faida ya wasomaji wengine. Mna mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na mwingine yuko njiani. Unaendesha gari la kupe, yaani la milango miwili, na mgongo wako umeshachoka kupinda nyuma ya kiti cha mbele kumfunga mtoto mkanda, kwa hiyo kupe inaondoka. Mumeo anataka SUV kubwa kwa sababu ya usalama. Wewe unapenda kuendesha, na hutaki miaka kumi ijayo ikukute kwenye usukani unaokupa usingizi. Fedha yenu inatosha gari lililotumika la umri wa miaka minane hadi kumi na miwili. Orodha yako ina manne: Volkswagen Golf GTI, Subaru Forester ya turbo, Skoda Octavia RS (toleo la michezo) ya stesheni wagoni, na Mazda CX-5. Unataka nikuchagulie moja.

Nitachagua, ila chini huko. Orodha yako imeshanieleza jambo moja: raha umeitafuta kwenye nguvu farasi. Matatu kati ya hayo manne yana turbo. Kwa gari la familia, hapo si pa kuanzia.

Fikiria utakavyoliendesha. Siku nyingi kutakuwa na watoto wawili nyuma, mmoja amelala, mwingine anakula kitu kinachomwagika. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, aliyelala anaamka. Ukikata kona kwa fujo, anayekula anatapika, na harufu ya maziwa kwenye kitambaa cha kiti haitoki kwa wiki nzima. Raha utakayoipata kweli ni ya mwendo wa kilomita 40, 60, 80 kwa saa: usukani unaojibu ukiugusa kidogo, breki unayoweza kuipima kwa ncha ya kiatu, gia inayoingia bila kubembelezwa, bodi isiyolala upande kila unapozunguka kona. Hivyo vyote vinatokana na uzito mdogo, kimo kifupi, na springi na shokapu zilizo hai. Nguvu ya injini inakuja baadaye.

Piga hesabu hii. Nguvu farasi 140 kwenye gari la kilo 1,250 ni 112 kwa kila tani. Nguvu farasi 190 kwenye SUV ya kilo 1,700 ni zile zile 112. Kwenye kuondoka yatakwenda sambamba, lakini la pili linabeba kilo 450 za ziada kila linapofunga breki na kila linapoingia kona, na hapo turbo haina msaada wowote. Kilo hizo pia zinalipiwa kwenye tairi, breki na mafuta.

Sasa nije kwa mumeo, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Ana haki ya kutaka usalama. Ninachobishana naye ni imani kwamba usalama unapimwa kwa kimo. Mwaka 1997 jarida la Sweden liitwalo Teknikens Värld lililijaribu gari jipya la Mercedes-Benz, A-Class, kwa zoezi la kukwepa kikwazo cha ghafla barabarani. Likapinduka. Lilikuwa gari dogo, lakini refu kwenda juu kulinganisha na upana wake. Mercedes walilirekebisha, na katika marekebisho hayo wakaifungia kila A-Class mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kupoteza mwelekeo, ambao hadi wakati huo ulikuwa wa magari ya bei ya juu. SUV za siku hizi nyingi zinao na hazipinduki ovyo. Lakini mfumo huo unafanya kazi vivyo hivyo kwenye gari fupi, ambalo tangu mwanzo lilikuwa na sababu chache za kupinduka.

Kwa hiyo mwambie mumeo avitafute vitu hivi, badala ya kutafuta kimo. Cha kwanza ni huo mfumo wenyewe. Kila kampuni ina jina lake: ESP kwa Volkswagen na Skoda, DSC kwa Mazda na BMW, VDC kwa Subaru, VSC kwa Toyota, VSA kwa Honda. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia toleo la mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014. Lakini gari la umri mnaoutafuta linaweza kuwa lilitengenezwa kwa soko ambalo halikulazimishwa, likatoka kiwandani bila mfumo huo. Angalia dashibodi: ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya mfumo huo na taa ya mifuko ya hewa lazima ziwake kisha zizime. Taa ambayo haiwaki kabisa inatia shaka kuliko inayobaki inawaka, kwa sababu kuna aliyeificha.

Cha pili, nyota za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, zisomwe pamoja na mwaka wa jaribio. Kuanzia mwaka 2009 alama zilibadilishwa, zikajumlisha ulinzi wa abiria wazima, watoto, waenda kwa miguu na vifaa vya usalama, na baada ya hapo masharti yameendelea kukazwa. Nyota tano za 2006 na nyota tano za 2016 hazilingani. Cha tatu, chukua namba ya chasisi uiulize kwa mwakilishi wa kampuni kama gari liliwahi kuitwa kwa matengenezo ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, na kama yalifanyika. Vilipuzi vya mifuko ile vilitumia kemikali ya amoniamu naitreti, ambayo joto na unyevu vikiichakaza kwa miaka, mfuko unaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Ziliitwa aina nyingi mno za magari, na gari lililohama nchi linaweza kuwa lilihama kabla ya kufikiwa na wito huo.

Kuhusu viti vya watoto nitakaa kidogo, maana hapa ndipo familia nyingi hununua gari lisilowafaa. Watu hupima buti kwa lita na kusahau mlango. Mtoto atakayezaliwa ataanza na kiti kinachotazama nyuma. Kanuni ya kimataifa ya viti hivyo, R129, inataka abaki hivyo hadi apite miezi 15 angalau, na wataalamu wengi wa usalama wangependa iwe zaidi. Kiti hicho kinakula nafasi ya aliyekaa mbele yake. Kama mumeo ni mrefu, kiti chake kitasukumwa mbele hadi magoti yaguse dashibodi. Hakuna jedwali litakalokuonyesha hilo. Nendeni kuangalia gari mkiwa na viti vyote viwili na kigari cha mtoto. Fungeni viti, kisha kila mmoja akae mbele kama anavyokaa siku zote. Tafuta vishikio vya ISOFIX, vile vyuma vya kunasia kiti cha mtoto bila mkanda, katika viti vya pembeni nyuma. Baadhi ya magari yamevizika ndani ya kitambaa hadi kucha zinavunjika. Angalia pia kama chini ya miguu ya abiria wa nyuma kuna kisanduku cha kuhifadhia vitu, kwa sababu mguu wa kukiegemeza kiti cha mtoto, kwa viti vilivyo nao, hautakiwi kusimama juu ya mfuniko wenye uwazi chini yake. Na kiti kinachotazama nyuma kisifungwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa ambao haujazimwa.

Kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi: mtoto asiyeona nje hutapika haraka. Magari mengi yenye sura ya michezo yana dirisha la nyuma dogo na mstari wa kioo unaopanda. Inama hadi usawa wa kichwa cha mtoto uone atakachokuwa anakiona. Kama ni plastiki tupu, nenda kwenye gari linalofuata.

Sasa orodha yako. Kwa umri uliotaja, Golf GTI itakuwa ya kizazi cha saba, kilichoingia sokoni mwaka 2013 kwa toleo hilo. Ni gari zuri sana, nyepesi kwa umbo lake, lenye usukani wa kupendeza. Buti yake ni lita 380. Kigari cha mtoto kitaingia, mkoba wa nepi utaingia kwa kubanwa, na siku ya safari ndefu mtaanza kugombana. Kwa mtoto mmoja ningekubali bila kusita. Kwa wawili, inunue tu kama kweli haina ndugu mwenye buti kubwa zaidi, na anaye.

Octavia RS ndiye huyo ndugu. Chini ya bodi imejengwa juu ya msingi ule ule wa Golf, injini ya turbo ya lita 2.0 ni ya familia ile ile, ila umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umeongezeka kwa karibu sentimita 5 na buti ya wagoni ni lita 610. CX-5 ya kizazi cha kwanza, pamoja na kimo chake chote, ina takriban lita 500. Mwonyeshe mumeo namba hizo mbili kabla hamjaenda kuangalia gari lolote. Injini hiyo ya GTI na RS ina udhaifu unaojulikana: kasha la plastiki la pampu ya maji na thamostati huvuja. Chungulia upande huo wa injini kwa tochi, tafuta alama za maji ya rejeta yaliyokauka, na uliza kama limeshabadilishwa. Gia za DSG, yaani otomatiki za klachi mbili, kwenye magari haya ya petroli kwa kawaida ni za klachi zinazoogea kwenye oili. Ni imara, mradi ile ya gia sita ibadilishiwe oili yake kila kilomita 60,000 hivi. Asiye na kumbukumbu ya huduma hiyo hakuuzii gari, anakuuzia sanduku la gia la kutengeneza.

Forester ya turbo ya miaka hiyo ina injini ya lita 2.0 ya cheni, si ule mkanda wa taiming wa Subaru za zamani, na hilo ni jema. Kwa watoto ni bora kuliko zote nne: milango inafunguka sana, vioo ni vikubwa, mtoto anaona dunia nzima. Lakini imefungwa gia za CVT, otomatiki zisizo na hatua za gia, ambazo kazi yake ni kuondoa hisia ile ile unayoitafuta. Itakusukuma kwenye kiti ukikanyaga mafuta, ndiyo. Kwenye kona itakukumbusha kimo chake. Halafu kuna tairi: inaendesha magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo tairi zote nne zinatakiwa ziwe za aina moja na zilizolika sawa. Moja ikipasuka vibaya, mara nyingi unanunua nne. Kwa familia inayoishi kwenye utelezi au theluji ningeitetea kwa nguvu zaidi.

CX-5 umeiweka mwisho kama ya kumridhisha mumeo, naona, na umeionea. Kati ya SUV za umri huo ndiyo inayoendeshwa kama iliundwa na watu wanaopenda kuendesha. Gia yake ya otomatiki ni ya kawaida yenye gia sita, wala si CVT, na inashika haraka. Ya lita 2.0 huchoka ikibeba familia; tafuta ya petroli ya lita 2.5. Ya dizeli iacheni kama safari zenu nyingi ni fupi. Kichujio cha moshi cha dizeli kinahitaji mwendo mrefu wa moto ili kijisafishe, na safari za dakika kumi kwenda shuleni na kurudi hukiziba. Mafuta yanayotumika kujaribu kukisafisha huishia kuchanganyika na oili ya injini. Onyo hilo la safari fupi linahusu dizeli ya kampuni yoyote yenye kichujio hicho.

Chaguo langu basi: Octavia ya wagoni, na isiwe RS. Tafuta ile ya petroli ya turbo ya lita 1.8, nguvu farasi 180, yenye gia za mkono. Mfumo wake wa springi za nyuma unalipatia kila gurudumu uhuru wake, tofauti na zile za injini ndogo, kwa hiyo inakaa kwenye kona vizuri, na kwa kawaida imevalishwa rimu za inchi 16 au 17. Sababu ya kusisitiza gia za mkono si mapenzi ya klachi tu. Ya 1.8 inayovuta kwa magurudumu ya mbele hufungwa DSG ya gia saba yenye klachi kavu, na hiyo ndiyo DSG yenye sifa mbaya. Kama mmoja wenu hawezi au hataki gia za mkono, hapo rudini kwenye RS ya otomatiki.

Sababu yangu ya kuikwepa RS, na GTI vilevile, ni maisha iliyopitia. Gari la michezo la miaka kumi limeshapita mikononi mwa watu waliolinunua ili kulipiga resi. Wengi wameliongezea nguvu kwa programu ya kompyuta, kisha wakairudisha ya kiwandani siku moja kabla ya kuuza. Tafuta mabaki: ekzosi iliyowahi kukatwa na kuchomelewa, vibano vipya kwenye mabomba ya hewa ya turbo, matundu madogo kwenye dashibodi palipokuwa na saa ya ziada, skrubu zenye mikwaruzo kwenye kasha la kichujio cha hewa. Lililoshushwa springi usiliguse. Wagoni ya kawaida iliyokuwa ya mtu aliyeipeleka sevisi kwa wakati itakupa raha zaidi, maana gari la wastani lenye bushi nzima na tairi nzuri linaendeshwa vizuri kuliko la michezo lililochoka.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, kama ni ya moto, kuna mlio wa kuwasha injini baridi ambao hakutaka uusikie. Sikiliza sekunde za kwanza, mkwaruzo wa cheni husikika hapo. Liache lingurume bila kwenda kwa dakika chache, kisha kanyaga mafuta huku mwenzako akitazama ekzosi: moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kwenye gia za mkono, ingiza gia ya nne ukiwa mwendo mdogo na ukanyage. Injini ikipanda sauti bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha. Njoo na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Usitazame hitilafu peke yake, tazama pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa karibu yote hayajakamilika, hitilafu zilifutwa muda si mrefu, na muuzaji aulizwe zilikuwa zipi. Vuta mikanda yote ya viti hadi mwisho usome lebo ya tarehe. Mkanda mpya kuliko gari mara nyingi ni dalili ya ajali iliyolipua mifuko ya hewa.

Tairi zinaeleza mengi kuhusu mwenye gari. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, iliyo ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nne za aina nne tofauti kwenye gari linalotangazwa kuwa limetunzwa, unajua la kufikiri. Zikiwa zimelika upande wa ndani tu, kuna bushi zilizokufa au mpangilio wa magurudumu uliopotoka.

Kabla ya yote hayo, zungumza na fundi utakayemtumia. Kama Skoda ni adimu mlipo na spea zake zinasubiriwa kwa majuma, usinisikilize. Golf Variant ya kizazi hicho hicho ina lita 605 na vipuri vingi ni vile vile, na kama Volkswagen nayo ni shida, Mazda6 ya wagoni ya petroli, iliyoitwa Atenza kwa toleo la Japani hadi mwaka 2019, ni mbadala ninaoupenda. Haina turbo ya kuumiza kichwa, na inakata kona kwa ustaarabu. Mumeo akikataa katakata kila gari fupi, chukueni CX-5 ya 2.5 na ndoa iendelee.

Usimalize fedha yote kwenye bei. Tenga fungu la mwezi wa kwanza: oili zote ikiwemo ya gia, maji ya breki, shokapu nne na tairi nne nzuri za ukubwa wa kiwandani. Ukikuta rimu za inchi 18 au 19, uliza kama za 16 au 17 zinapita juu ya breki zake. Gari litalainika kwa watoto, na wewe utausikia usukani zaidi.

Mkilipata, liendesheni mara mbili. Mara ya kwanza endesha wewe, redio imezimwa, kwenye barabara mbovu kidogo. Mara ya pili mpe mumeo usukani, nawe ukae nyuma katikati ya vile viti viwili vya watoto. Shokapu ya nyuma iliyokufa, beringi ya gurudumu inayounguruma na mlango uliorudishwa baada ya ajali husikika huko nyuma vizuri kuliko mbele.